Konzi ya Maharagi

Tra-ra-ra-ra. Hivyo ndivyo maharagi yanavyolia yakianguka ndani ya debe tupu la bati. Mengi ya siku yangu ya kwanza kazini yamenitoka kichwani. Sikumbuki nilivaa kikwembe gani, wala kama mvua ilinyesha. Lakini sauti ile iko. Nikitulia kidogo naisikia, na mkono wangu wa kulia unajikunja wenyewe kama bado umeshika kitu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule nilifika darasa la sita, nikaongeza mwaka mmoja wa kushona ambao haukunifundisha kushona. Kilichojaa kichwani mwangu kilikuwa ndoto. Niliota kufungua restora hapa Bunia, yenye vitambaa vyeupe mezani na jina langu mlangoni kwa rangi nyekundu, watu wakitoka wanajipapasa tumbo na kusema, kwa Mapendo mtu anashiba. Kwa hiyo nilipopata kazi ya jikoni kwenye nyumba ya wasichana wa shule kule Mudzipela, niliingia nikicheka. Nyumba hiyo tuliiita interna. Wasichana waliotoka vijijini kuja kusoma mjini walilala hapo na kula hapo, na mimi nilikuwa nikilala chumba cha jirani na jiko.

Aliyenipokea ni Mama Ekonome. Hicho ni cheo. Ekonome ndiye anayeshika ufunguo wa depo, yaani chumba cha kuwekea chakula, na ndiye wa kujibu kama kitu kimepungua. Alikuwa mjane, mrefu, mkavu kama muwa uliokwisha kutafunwa. Wasichana walimwita Mama Kizibo, lakini kwa siri, kwa sababu mafuta ya mawese aliyapima kwa kizibo cha chupa, vizibo vitano kwa sufuria nzima, na kidole akakifuta ukingoni ili tone la mwisho lisirudi chupani bila kazi.

Nilimimina maharagi kwenye sufuria kwa moyo mweupe, kama mtu anayepikia wageni. Akasimama nyuma yangu.

"Mapendo, leo nani anaoleka?"

"Hakuna, Mama."

"Ah. Niliona mukono yako iko na furaha, nikasema labda kuko ndoa na miye sikualikwa."

Wasichana wawili waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. Mama Ekonome hakucheka. Akanionyesha debe la bati pembeni mwa depo, lenye mfuniko.

"Toa konzi moja. Moja ya mukono wako, si ya mukono wangu. Tia mule."

Nikatoa, nikatia. Ndipo ile sauti ikalia, tra-ra-ra-ra, kwa sababu debe lilikuwa tupu.

"Sasa utasikia kitu," alisema. "Kesho itapiga kelele kidogo. Kesho kutwa kidogo tena. Kisha itanyamaza, juu maharagi inaangukia maharagi. Siku ikinyamaza ndio utajua kama tuko nyumba. Kila siku, mbele ya kutia mu sufuria, konzi moja inaingia mu debe. Ukiwa na furaha inaingia, ukiwa unalia inaingia."

"Na kama maharagi iko kidogo, Mama?"

"Basi konzi inakuwa kidogo. Lakini inaingia."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, vijana wangu mnaosoma. Watu wanadhani kubana matumizi ni kula kidogo. Apana. Ni kujua kila kitu kinaweza kufanya kazi mara ngapi kabla hakijakufa. Makala, kwa mfano. Sufuria ikishuka kwenye mbabula, lile jiko letu la makala, wengi wanaacha moto ujifie wenyewe. Sisi tulichukua kila kaa la moto kwa koleo, tukalitia katika chungu cha udongo na kufunika kwa kifuniko kizito. Lilikosa hewa, likazima likiwa bado nusu. Hayo tuliyaita makala ya pili, nayo yanawaka upesi kuliko ya kwanza. Vumbi lililobaki gunia likiisha tulilikanda na udongo na maji, tukafinyanga mipira, tukaanika. Maharagi yalilowekwa usiku kucha, yakachemka saa moja tu, kisha sufuria nzima ikaingia katika kapu lililojaa vitambaa vya zamani na kufunikwa blanketi. Humo yaliendelea kuiva yenyewe mpaka mchana, na mbabula ikawa huru kupika kingine. Vipande vya sabuni vilivyobaki vidogo kama ukucha viliingia katika soksi moja isiyo na mwenzake, ikafungwa, ikaoga nayo nyumba nzima. Maji ya kuoshea mboga yalikwenda kwenye tuta la lengalenga. Chumvi tuliiyeyusha chupani ili iingie sawasawa, asiwepo mmoja wa kula chumvi ya wote.

Mwanzoni niliona aibu. Katika ndoto yangu ya restora hakukuwa na soksi ya sabuni. Lakini polepole nikaanza kuipenda kazi ile, kama unavyompenda mtu mgumu ukishajua kwa nini yuko mgumu. Mara moja kwa mwaka, wakati wa Noeli, Mama Ekonome mwenyewe alilimwaga debe. Maharagi ya zamani yanakuwa magumu, alisema, hayakai milele hata ukiyachanganya na majivu ya kufukuza wadudu. Siku hiyo wasichana walikula mpaka wakalegea kwenye viti, na kesho yake debe likaanza tena kulia. Miaka mitatu nilitia konzi kila siku. Kutoa, sikutoa hata mara moja. Mkono wa kutoa ulikuwa wake.

Kisha vita vikafika mjini kwetu.

Vilikuwa vimezunguka vijijini muda mrefu. Tuliona moshi kwa mbali, tuliona watu wanaingia Bunia na magodoro kichwani. Sitataja makabila hapa. Wasichana wetu walitoka pande zote, na walipopanga sahani zao dirishani usingeweza kusema ipi ni ya nani. Lakini mwaka ule risasi zilianza kulia Mudzipela kwenyewe, mtaa kwa mtaa. Soko likafungwa. Baadhi ya wasichana walifuatwa na ndugu zao. Wanane wakabaki, ambao ndugu zao hawakuweza kufika, au hawakuwepo tena.

Wafanyabiashara waliotoka Beni na Butembo walikuwa wakifunga maduka, wanarudi kwao upesi. Mama Ekonome aliomba nafasi katika kamio yao moja, yaani lori, aende kutafuta unga na chumvi.

"Siku tano," aliniambia, na kunitia ufunguo wa depo mkononi. "Mapendo, sikia muzuri. Chungu kisilale. Siku moja tu chungu kikilala bila moto, hawa batoto batatoka kutafuta. Mutoto wa njaa haogope. Na inje kule, mwenye kutoka harudi."

"Ndiyo, Mama."

"Paka hiyo tu. Mengine yote utanijibu nikirudi."

"Na debe?"

Alikuwa tayari ameshika ubao wa kamio, mguu mmoja juu.

"Debe iko ya siku mubaya."

"Siku mubaya nitaijuaje, Mama?"

"Utaijua," alisema, na kamio ikaondoka.

Siku tano zikawa wiki tano. Barabara ilifungwa nyuma yake.

Wiki ya kwanza tulimaliza unga na maharagi ya gunia. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wanne, alitoka asubuhi moja kuchuma mboga shambani kwake. Si mbali, hata sauti yake ya kuita kuku tulizoea kuisikia kutoka huko. Hakurudi. Wasichana walijua, na mimi nilijua kwamba walijua. Kila jua lilipopanda waliangalia jikoni kwanza. Wakiona mvuke, walikaa. Kwa hiyo mvuke ndio ulikuwa ukuta wetu.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mihogo mingi iliyopandwa kama ua. Ilikuwa mihogo michungu, na kila mtu wa kwetu anaijua kazi yake. Muhogo mchungu haupikwi siku unapong'olewa. Unamenywa, unatiwa majini usiku tatu mpaka unalainika na kunuka, ule uchungu unatoka na maji, na maji hayo yanamwagwa mbali. Kisha unaanikwa juani, unatwangwa, ndipo unapata unga wa fufu, ugali wetu. Hayo mimi nilijua tangu utoto. Sikukosa kwa kutojua, na hilo ndilo linaniuma.

Nilikosa kwa kubana. Maji tuliyateka kwenye chemchemi bondeni, na njia ya bondeni ilikuwa wazi kwa bunduki. Nilishuka mwenyewe alfajiri na bidoni moja, nikarudi nimejikunja kama paka. Bidoni moja kwa watu tisa. Basi nikafikiri: usiku tatu majini ni maji mengi, na ni siku tatu za chungu kulala. Nikaloweka usiku mmoja. Maji yale yale nikayatumia kwa mihogo ya kesho, maana nilifundishwa kila kitu kifanye kazi mara mbili. Kuanika juani pia sikuthubutu, kwa sababu mihogo myeupe kwenye mkeka inaonekana kutoka barabarani, na inamwambia kila mwenye bunduki kwamba humu kuna chakula. Nikaikausha ndani, juu ya bati lenye majivu ya moto. Nilijiona fundi. Hakuna moshi, hakuna maji ya bure, na chungu kinawaka kila siku. Nilikuwa hata naimba kidogo.

Esta ndiye aliyenionya. Alikuwa na miaka kumi na sita, mtoto wa wakulima wa Aveba, mwenye vidole vya kujua mazao. Kama wenzake, aliniita Yaya, yaani dada mkubwa. Alichukua kipande cha muhogo kutoka majini, akakivunja. Kikalia *ka*.

"Yaya, hii bado. Ona, inakatika sawa kuni. Ya kuiva inapondeka mu kidole."

"Weye ndiye utashuka kuteka mayi, Esta?"

Alikirudisha kipande majini. "Kwetu koko, mama ya mama yangu, alikuwa anasema, muhogo chungu iko na siku zake tatu. Hata ukiwa na njaa ya kulia, unaingojea."

"Koko yako hakuwa na vita."

"Alikuwa nayo," alisema Esta, bila hasira. "Ingine."

Nilimpa mchi atwange.

Kila siku nikifungua depo niliona debe. Lilikuwa limejaa, Noeli ilikuwa karibu. Nilikuwa nagusa mfuniko wake kama mtu anavyogusa kichwa cha mtoto aliyelala. Je, leo ndiyo siku mbaya? Nasikia risasi, lakini jana pia zililia. Wasichana wanalalamika kizunguzungu baada ya kula, mmoja ametapika. Lakini wamekula, chungu hakikulala. Kila siku nilijiambia kesho itakuwa mbaya kuliko leo, na kesho ndiyo ya debe. Ubahili una sauti ya akili sana, vijana wangu. Unaongea polepole, kama mtu mzima.

Mdogo kuliko wote alikuwa Zawadi, miaka kumi na miwili, mchekeshaji wa nyumba. Ni yeye aliyeigiza Mama Kizibo akipima mafuta, kidole juu, mpaka wenzake wakalia kwa kicheko. Asubuhi moja ya wiki ya nne hakuja jikoni. Nikaenda chumbani.

"Yaya, miguu yangu inalala," alisema kutoka kwenye mkeka, akitabasamu.

"Iamushe basi. Iambie Mama Kizibo anakuja."

"Nimeiambia. Haimuogope tena."

Tukacheka wote wawili. Akajishika ukutani, akainuka. Magoti yakatetemeka, yakapindana. Visigino vikakataa kugusa chini, akabaki juu ya vidole kama mtu anayetaka kuchungulia dirishani, kisha akaanguka mikononi mwangu. Ndipo alipoacha kucheka. Mimi pia.

Nyua mbili kutoka kwetu aliishi muuguzi mmoja mzee, tuliyemwita Papa Enfirmie. Esta alimfuata kwa kupenya kwenye tundu la ua, na yeye akaja kwa tundu hilo hilo, akitambaa na koti lake jeupe amelikunja kwapani lisionekane. Alipima miguu ya Zawadi, akamgonga magoti kwa ncha ya kidole. Kisha akanigeukia mimi.

"Mulikuwa munakula nini?"

"Muhogo."

"Na nini?"

"Muhogo, Papa. Na sombe, mpaka majani yake iliisha."

"Muhogo ya wapi? Ile ya ua? Inalala siku ngapi mu mayi?"

Nilitaka kusema tatu. Wasichana wote walikuwa wananiangalia.

"Moja," nilisema.

Akakaa chini sakafuni, mzee yule, na mgongo wake ukutani.

"Na maharagi? Samaki? Ata ndakala kidogo?"

"Hakuna," nilijibu.

Sikusema uongo kwa kutaka kudanganya. Nawaambia kweli, katika kichwa changu wakati ule debe halikuwa chakula. Lilikuwa amana ya Mama. Lilikuwa siku mbaya, na siku mbaya bado ilikuwa mbele yetu.

"Hii ugonjwa tunaijua," alisema Papa Enfirmie. "Sumu ya muhogo inatoka na mayi, na inatoka na siku. Hauwezi kuiharakisha. Inayobakia mu mwili, mwili inaipigana kama inapata maharagi, samaki, nyama. Mwenye kula muhogo tupu, siku moja miguu inakataa. Mara moja, hivi, asubui." Alimpapasa Zawadi kichwani. "Musimupe tena hii unga. Hata mumoja. Mutafute kingine. Sijui wapi, lakini mutafute."

Akaondoka kwa tundu lake. Wasichana wakanitazama, na mmoja, wa kwanza kwa ukubwa, akaanza kufunga kitambaa kichwani kama mtu anayejiandaa kutoka. Nikaelewa anaenda wapi. Anaenda nje kutafuta.

"Kaa," nilimwambia.

"Yaya, umesikia Papa. Tutakula nini?"

"Kaa, nimesema."

Nikaingia depo. Nikavuta debe mpaka katikati ya sakafu na kufungua mfuniko. Majivu juu, maharagi chini, mazima, yanang'aa, karibu kufurika. Makonzi ya siku zangu zote za mwaka ule, za furaha na za kulia. Karibu wiki tatu watoto wale walikula sumu hatua sita kutoka hapo. Nilipiga magoti na kuchota kwa mikono miwili.

Unga wote tuliutupa shimoni na kufukia. Tulikula maharagi kila siku, bila fufu, kwa chumvi ya chupa, mpaka tukayachoka, na kuchoka kule kulikuwa kuzuri. Kizunguzungu kiliisha, matapishi yakaisha. Wote wanane walibaki ndani ya ua. Miguu ya Zawadi ilipata nguvu kidogo, ya kusimama kwa fimbo. Visigino havikurudi chini.

Barabara ilipofunguliwa, Mama Ekonome alirudi juu ya kamio, amekonda mpaka kitambaa kilimzidi kichwa, na magunia mawili tu. Hakuuliza habari. Alisimama uani akawahesabu wasichana kwa macho, na alipofika kwa Zawadi na fimbo yake macho yakakwama.

Nilimweleza yote jikoni, nimesimama. Usiku mmoja badala ya tatu, maji mara mbili, maneno ya Esta, neno langu "hakuna". Nilikuwa nimekwisha kufunga nguo zangu katika kikwembe, zilikuwa mlangoni.

"Debe ulifungua siku gani?" aliuliza.

"Siku miguu ilikataa."

"Ilikuwa imejaa?"

"Imejaa, Mama."

Nilingoja anifukuze. Kisha akachukua kile kizibo chake cha kupimia mafuta kilichokuwa dirishani, akakigeuza-geuza katika vidole.

"Nilikufundisha kutia," alisema. "Miaka tatu, kila siku, kutia. Kutoa sikukufundisha. Nilipenda mukono ya kutoa ikuwe yangu." Akakirudisha kizibo mahali pake. "Ile kosa tutaibeba siye wawili. Rudisha nguo zako, mayi iko inachemka."

Nilibaki pale miaka mingine saba. Baadaye nilipelekwa Epulu, msituni, kupika katika nyumba ya wageni. Mkubwa wangu huko alikuwa Chefu wa nyumba, mtu mnene, mwenye kucheka, aliyeamini mgeni anashiba kwa macho. Asubuhi moja alinikuta nyuma ya jiko namwaga beseni zima la maji ya muhogo, la tatu.

"Mama Mapendo, siye tunakuogopa hapa juu ya chumvi. Unabana chumvi, unabana sabuni, unabana ata kiberiti. Na mayi unamwaga kama mvua?"

"Chumvi haina siku zake, Chefu. Muhogo iko nazo."

Akatikisa kichwa, akaniacha. Wasichana niliowafundisha kazi huko walinicheka pia, kwa sababu kila mwezi nililimwaga debe lao, liwe limejaa au nusu, na tukapika kilichomo siku hiyo hiyo bila sababu yoyote. Tunasherehekea nini, Tantine? Hakuna, nikawaambia. Mukono unajifunza njia.

Mwishowe nilirudi Bunia, nikapewa cheo chenyewe, Ekonome wa jiko la shule, na ufunguo shingoni kwa kamba. Mama Ekonome wangu alikwisha kufariki. Nilirithi kizibo chake, si kwa maandishi, nilikiomba tu. Kazi niliiacha nilipoanza kuangusha sufuria. Bega la kulia limekwisha. Mimi si mzee sana kwa miaka, lakini bega lina miaka yake peke yake.

Mnaniuliza nini nilichojifunza, ninyi mnaoanza nyumba zenu sasa, na maisha ni magumu, na huko vijijini bunduki hazijanyamaza. Zimeni makala yenu kwenye chungu. Tieni sabuni katika soksi, msione haya. Pimeni mafuta kwa kizibo. Kila siku konzi moja. Kitu mnaweza kukibana, mkibane sana. Siku za kitu msizibane. Muhogo unataka tatu, upe tatu. Na mkishaweka, jifunzeni kufungua. Siku mbaya haiji na jina lake kwenye kofia. Ukiona mtoto anashika ukuta ili asimame, umechelewa.

Restora bado sijafungua. Naiota bado, msinicheke. Vitambaa vinne vya meza viko tayari sandukuni, vyeupe, vyenye pindo la uzi mwekundu. Zawadi ndiye aliyevishona. Ni fundi cherehani sasa, ana kibanda chake barabarani na mashine ya kuzungusha kwa mkono, kwa sababu ile ya kukanyaga, miguu yake haiiwezi. Bado anaigiza watu. Siku hizi ananiigiza mimi. Hajawahi kunisema hata mara moja juu ya muhogo, na mimi sijawahi kumuomba msamaha kwa maneno yaliyofika mwisho. Nikianza, ananiambia, "Yaya, chakula kinapoa."

Kila Jumapili baada ya ibada anakuja kwangu. Leo ni Jumapili. Asubuhi jirani alipita, akaniona nimelivuta debe langu mlangoni kwenye mwanga. Akaniuliza kama kuna wageni. Nikamwambia apana, ni Zawadi tu.

Aliondoka. Mbabula ilikwisha kushika. Nilifungua mfuniko, nikapuliza majivu, nikachota kopo la kwanza, la pili, la tatu, mpaka kopo likakwaruza bati. Nikalibeba debe kwa bega langu zuri, nikalipindua juu ya sufuria, na kulipiga kitako kwa kiganja mpaka punje ya mwisho iliyojificha kwenye pembe ikaanguka.